Watu Wetu 1,114 Walioko Mwezini

Jina la nchi yetu silitaji. Anayeijua ataitambua kabla hajamaliza ukurasa huu, na asiyeijua amshukuru Mungu wake, amalizie chai yake kwa amani. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri mno. Hayo si maoni yangu tu, ni sheria namba nne ya mwaka wa kwanza wa utawala wa Kiranja Mkuu.

Mimi naitwa Feruzi Ngwali, karani daraja la tatu katika Ofisi ya Watu Wasioonekana. Msishtuke na jina la ofisi. Kwetu hakuna mtu anayepotea. Kupotea ni kosa la jinai, na aliyepotea hushtakiwa siku akionekana. Kuna wasioonekana tu. Mtu yuko dukani kwake anapima sukari, linakuja gari jeupe lisilo na namba, linasimama kwa adabu, wanashuka mabwana wawili waliochomekea, na baada ya hapo mtu yule haonekani. Kazi yangu ni kumwandika katika daftari kubwa lenye safu tano: Namba, Jina, Kazi, Siku Aliyoonekana Mara ya Mwisho, na Aliko.

Safu nne za kwanza nilizijaza vizuri sana, maana nimejaliwa mwandiko. Ya tano ilikuwa wazi tangu ofisi ifunguliwe.

Kila Alhamisi, saa tatu asubuhi, alikuja Bi Siwema. Ni mama wa miaka sitini na ushei, mfupi, mwenye kutembea kwa haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Mwanawe, Shaweji, alikuwa kinyozi. Siku moja, mteja akiwa kitini, Shaweji aliitazama picha ya Kiranja Mkuu ambayo kila kinyozi lazima aitundike, akasema kwamba zile ni nywele za mtu wa miaka thelathini, ilhali mwenyewe anagonga themanini. Hakusema kwa ubaya. Yalikuwa maneno ya kitaaluma. Gari jeupe lilifika saa nne asubuhi, likamchukua na aproni yake mwilini, na mteja akaachwa kitini amenyolewa upande mmoja. Alipoitwa kutoa ushahidi, mteja huyo alisema hajawahi kuota nywele maishani mwake.

Mazungumzo yetu ya Alhamisi hayakubadilika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ameonekana?"

"Bado anatafutwa, mama."

"Anatafutwa na nani?"

"Na ofisi."

"Ofisi ni nani?"

"Ofisi ni mimi, mama."

"Na wewe umekaa hapa."

Basi namwandikia kikaratasi: Njoo Alhamisi ijayo. Anakikunja mara nne, anakifunga kwenye pindo la kanga, anaondoka. Kwa miaka tisa alinikusanyia vikaratasi zaidi ya mia nne. Mara moja tu, mvua ilipomzuia asitoke, alikaa kwenye benchi akaniambia yaliyomo moyoni mwake.

"Feruzi, mimi matanga sijakaa. Nikikaa, nimemuua kwa mdomo wangu. Nisipokaa, nimemwacha mtoto bila dua. Kila nikipakua naweka sahani yake, na kila nikiiosha naiosha safi. Sikuombi unirudishie. Niambie moja tu: nilie au nisilie?"

Nilimwambia aje Alhamisi ijayo.

*

Nchi yetu huendeshwa kwa vitu viwili, waraka na jukwaa. Waraka huja kwa karatasi. Agizo la jukwaani hutoka kinywani mwa Kiranja Mkuu mbele ya wananchi, na hilo ni zito kuliko waraka, zito kuliko Katiba, na zito kuliko akili. Halihojiwi, haliahirishwi, wala haliombewi ufafanuzi. Mwaka juzi alisimama kwenye daraja akafoka, "Mto huu unakwenda wapi na maji yetu? Urudi!" Mpaka leo kuna kikosi cha watu mia mbili kule bondeni wanaurudisha mto kwa ndoo, na wawili kati yao wamekwisha kustaafu kwa heshima.

Lakini mkosi wangu mimi ulianza na waraka. Mkurugenzi wangu, Bwana Malosha, aliingia nao asubuhi. Ulisema hivi: Safu isiyojazwa ni hujuma. Karani atakayeacha safu wazi ataandikwa yeye mwenyewe katika daftari analolihudumia. Mkaguzi atafika leo saa kumi alasiri.

Nililifungua daftari. Mistari elfu moja mia moja na kumi na nne, na safu ya tano nyeupe kutoka juu mpaka chini.

"Tuandike haijulikani," nikasema.

"Serikali inajua kila kitu," Malosha akajibu. "Unataka kusema haijui?"

"Tuandike marehemu."

"Marehemu ana chanzo cha kifo. Chanzo kina safu yake. Unataka safu ya sita, Ngwali?"

"Basi wako nje ya nchi."

"Nani atakimbia nchi nzuri? Soma sheria namba nne."

Akatoka akaniacha peke yangu na kalamu. Saa tisa na nusu ilifika. Jasho lilinitoka mpaka likalowesha karatasi. Niliinua macho dirishani, nikauona mwezi wa mchana, ule mweupe unaochomoza mapema, umekaa juu ya bati la ghala. Sikufikiri. Naapa sikufikiri. Mbele ya namba moja, Shaweji, kinyozi, niliandika: Mwezini. Mstari wa pili nikaandika: kama juu. Wa tatu, kama juu. Nikashuka hivyo kwa mwandiko mzuri mpaka namba 1,114.

Mkaguzi alifika, akapitisha kidole kwenye safu zote, akapiga muhuri. Alitusifu kwa usafi wa daftari.

*

Mambo yangeishia hapo, kama si mataifa makubwa kutangaza redioni kwamba yamepanga kuwarudisha binadamu Mwezini. Walikwenda zamani, watu kumi na wawili, wakarudi, na sasa wanataka kwenda tena.

Kiranja Mkuu alipoisikia habari hiyo alitupa redio. Aliwaita mawaziri wote, akawauliza kwa nini sisi siku zote tunasikia mambo yakiwa yamekwisha kupoa. Ndipo Waziri wa Anga na Mifugo, aliyekuwa na mafaili ya ukaguzi mapajani, alipoona kitu, akakohoa.

"Mtukufu, wao wana kumi na wawili. Sisi tunao elfu moja mia moja na kumi na nne, na wetu wako huko huko."

Mle ndani walikuwamo watu waliojua fika gari jeupe huwa linaelekea wapi. Kiranja Mkuu mwenyewe, kama alijua akasahau, au aliamini kweli, mimi ni karani tu. Ninachojua ni kwamba alicheka, na wote wakacheka, na siku iliyofuata ikawa sikukuu.

Mnaweza kufikiria fahari yetu. Tumewapeleka watu Mwezini bila roketi, bila mtambo wa kuongozea, bila hata kibali cha familia! Wanasayansi walisoma mada kuhusu gari jeupe. Vitabu vya shule vilichapishwa upya. Kila tarehe kumi na nne, saa kumi na mbili jioni, familia husika ziliagizwa zitoke nje, zitazame juu na kupunga mkono kwa muda wa nusu saa, na balozi wa nyumba kumi akiandika mahudhurio. Niliwaona kwa macho yangu, wake kwa waume, wanapunga. Wengine walianza kutabasamu, na hao ndio walionitia uchungu zaidi.

Mimi nilipandishwa cheo mara mbili kwa wiki moja. Nikawa Mratibu wa Mpango wa Taifa wa Kurudi Mwezini, nikapewa meza yenye kioo.

Mpango ulikuwa na kamati kumi na tisa. Nitaitaja moja tu, Kamati ya Kitaalamu ya Njia, iliyomwita dereva wa gari jeupe aeleze namna alivyokuwa akifika. Dereva huyo anaitwa Kibwana. Ni mtu mkimya, mwenye shingo nene, aliyepata nishani ya Mtumishi Mtiifu miaka kumi na mmoja mfululizo.

"Ndugu Kibwana," mwenyekiti akamwuliza, "kutoka hapa mpaka Mwezini ni mwendo gani?"

"Sisemi bila amri."

"Ulipitia njia ipi?"

"Mimi sijui njia, mheshimiwa. Najua amri. Nikiamriwa, gari linafika."

Kamati ilimshukuru kwa mchango wake mzito ikaahirisha kikao.

*

Kwa familia kulitolewa Hati ya Kuwapo Mwezini, yenye bendera pembeni na jina la mhusika. Nilizijaza mwenyewe zote. Alhamisi moja Bi Siwema akaingia na ya kwake mkononi. Hakukaa. Aliiweka juu ya kioo cha meza yangu, kisha akafungua pindo la kanga akatoa kimoja cha vile vikaratasi vyangu, akakiweka kando ya hati.

"Mkia wa hii herufi," akasema, "na mkia wa hii. Ni mkono mmoja."

"Ni wangu, mama."

"Ulimwona akipanda?"

"Hapana, mama."

"Ulikuwa unatazama wapi ulipoandika?"

Nilimwonyesha dirisha kwa kidevu. Nje palikuwa na bati la ghala, na kunguru, na mawingu. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta uzi ulioanguka.

"Miaka tisa nilikuwa sina jibu," akasema. "Sasa nina uongo. Kumbe kukosa jibu kulikuwa na nafuu yake."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nimelishwa na kusomeshwa na serikali hii, sina tabia ya kuona haya, lakini siku hiyo niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwambia naomba radhi. Aliuliza kama ni kweli wanatafutwa watu wa kwenda.

Ni kweli walitafutwa. Kiranja Mkuu alitaka mwananchi mmoja wa kufungua safari ya kurudi, na tangazo lilikuwa limebandikwa hadi vyooni. Hakujitokeza mtu. Vijana wa chama, wale waliokuwa wakiimba kwamba wako tayari kufa, walileta vyeti vya daktari kuonyesha wana kizunguzungu cha kurithi. Mawaziri wote walikuwa na misiba.

"Niandike," Bi Siwema akasema.

Fomu ilikuwa na swali: Sababu za kutaka kwenda. Alinitajia maneno, nami nikaandika kama alivyotamka: Mlikompeleka yeye, nipelekeni na mimi.

*

Wizara ilifurahi mno. Picha yake ilitundikwa njia panda, wakamchora akiwa na kofia ya kioo na meno yote. Chombo nacho kikakamilika. Kilikuwa tangi la maji la lita elfu kumi, mafundi wa kuchomelea walilisimamisha wima, wakaliwekea mabawa ya mabati na kulipaka rangi za bendera. Liliitwa Kiranja wa Kwanza. Mimi kama Mratibu nilikabidhiwa utaratibu wa siku yenyewe, wenye muhuri wa siri, na niliposoma ukurasa wa mwisho nilikosa usingizi na hamu ya kula.

Alhamisi ya mwisho kabla ya safari nilifunga mlango wa ofisi.

"Mama, usipande."

"Kwa nini?"

"Lile tangi haliruki. Wataingiza watu wachome matairi nyuma, moshi upae, bendi ipige. Wewe utapitishwa kimlango cha nyuma, uingizwe kwenye gari."

"Gari gani?"

"Jeupe."

Alinisogelea. "Lile lile?"

"Lile lile, mama. Na dereva ni yule yule. Nakusihi, nenda kwa ndugu zako, vuka mpaka, nitasema umeugua."

Hapo Bi Siwema akatabasamu. Katika miaka tisa sikuwahi kuyaona meno yake.

"Feruzi, mwanangu. Miaka tisa nauliza njia. Leo unaniambia usafiri upo, halafu unataka nisipande?"

Nilimpigia magoti. Sikumbuki kupiga magoti kabla ya hapo, isipokuwa kwa picha. Aliniinua kwa kiwiko, akaniuliza jambo ambalo sikulielewa wakati ule: je, ni kweli dereva yule hatii ila amri, na je, amri ikitoka kwa mkubwa kabisa?

"Ikitoka jukwaani," nikasema, "hata Malosha hawezi kuipindua."

"Ahsante. Niandikie kikaratasi."

"Nikuandikie nini, mama?"

"Njoo Alhamisi ijayo."

*

Sherehe ilipangwa ianze saa nne asubuhi, na mgeni rasmi akawahi kufika saa nane mchana. Uwanja ulijaa. Zile familia nyingine zililetwa kwa malori, zikavalishwa fulana zenye picha ya mwezi. Mwezi wenyewe haukuonekana siku hiyo, na mtaalamu wa hali ya hewa aliandikiwa barua ya kujieleza.

Waziri wa Anga na Mifugo alihutubia. "Mtukufu Kiranja Mkuu, itifaki ikiwa imezingatiwa, yapo mataifa yaliyotumia elimu kwenda Mwezini. Sisi tulitumia utii! Wao walihesabu kurudi nyuma, kumi, tisa, nane. Sisi hatujawahi kurudi nyuma!" Watu walipiga makofi kwa sababu nyuma yao walisimama wa kuwahesabia makofi.

Kisha ikaja risala. Kwetu hakuna shughuli isiyo na risala, na risala haiendi kinyume na mpangilio wake: kwanza pongezi, kisha mafanikio, kisha changamoto, na mgeni rasmi ni lazima ajibu changamoto papo hapo, kwa sauti, ili wananchi waone serikali inavyofanya kazi. Ya familia iliandikwa na Wizara. Changamoto iliyoidhinishwa ilikuwa uhaba wa viti vya plastiki. Bi Siwema ndiye aliyepewa kuisoma.

Alipanda jukwaani na kanga zake mbili, na kifurushi kidogo kwapani. Alisoma pongezi bila kukosea. Alisoma mafanikio. Alipofika kwenye changamoto aliikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo.

"Mtukufu," akasema, "changamoto yetu ni moja. Dereva aliyewapeleka watoto wetu yupo pale nyuma ya tangi. Ni mtu mwema, nimeambiwa, lakini njia haijui mpaka aamriwe. Tunaomba umwamuru anipeleke alipo mwanangu. Hapo hapo alipo, si pengine. Ni hayo tu."

Nilimwona Malosha akishika kifua. Waziri aliinuka nusu, akabaki hivyo, si kasimama si kaketi. Lakini Kiranja Mkuu alikuwa amekwisha kuishika maiki. Amejibu changamoto kwa miaka arobaini. Hawezi kuisikia changamoto akaiacha ipite, kama ng'ombe asivyoweza kupita kwenye mahindi.

"Yuko wapi huyo dereva?" akanguruma. "Aje mbele! Kumbe serikali inawekewa urasimu! Dereva, nakuagiza hapa hapa, mbele ya wananchi: mpeleke mama huyu alipo mwanawe! Moja kwa moja, bila kona kona! Na hawa wengine, anayetaka afuate, serikali hii haina siri!"

Uwanja ulilipuka. Bendi ilipiga. Dereva Kibwana alisaluti, akaenda kulileta gari jeupe. Liliingia mbele ya umma kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na mtu mmoja wa itifaki, asiyejua afanye nini, akalivika shada la maua. Bi Siwema aliketi kiti cha mbele. Matairi hayakuwashwa. Tangi likaachwa pale na mabawa yake.

*

Gari lilikwenda polepole kwa sababu ya watu. Tulifuata kwa miguu, wale wenye fulana za mwezi wote, na wengine waliodhani kuna chakula. Nyuma yetu ulikuja msafara wa Kiranja Mkuu, maana hakuna aliyethubutu kumwambia asije. Tulipita kambi ya jeshi, tukapita kiwanda kilichokufa, tukaacha lami. Njiani watu waliimba. Tulipoiacha lami, waliacha kuimba.

Yapo machimbo ya zamani ya chokaa huko, nyuma ya kambi. Ardhi ni nyeupe, haina mti wala jani. Mashimo yamekaa duara duara, mengine yamefukiwa. Kibwana alisimamisha gari, akazima injini, akashuka kumfungulia mama mlango.

"Hapa," akasema.

"Hapa wapi, baba?"

"Hapa, mama." Alionyesha kwa mkono, akazungusha mkono huo kuanzia shimo la kwanza mpaka la mwisho. "Wote."

Hakuna aliyelia kwanza. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa na zilikuwa zimefukua. Sikutaka kutazama, nikatazama. Palikuwa na kobazi moja la tairi. Palikuwa na shanga, na fremu ya miwani, na vitu vyeupe ambavyo havikuwa chokaa. Bi Siwema alivua viatu akashuka. Alitembea akiwa ameinama, polepole, yeye aliyekuwa hajui kutembea polepole, akigeuza udongo kwa vidole. Jua lilikuwa linaelekea kushuka alipovuta kipande cha nguo kilichooza, chenye mfuko, na mfuko umeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Uzi mweupe uliniishia siku ile," akasema. "Akaniambia, mama, vinyozi wenzangu watanicheka."

Ndipo akalia. Ilikuwa sauti ya miaka tisa, na wengine wote wakaidaka, nayo ikaenda ikagonga kuta za machimbo ikarudi. Mimi nililia pia.

Alikifungua kile kifurushi cha kwapani. Kilikuwa na sanda, ubani, na mkasi wa kinyozi.

Mnaweza kudhani serikali yetu iliaibika. Hamtujui. Waziri wa Anga na Mifugo aliyatazama yale mashimo, akaitazama ile ardhi nyeupe isiyo na jani wala maji, akamtazama Kiranja Mkuu aliyekuwa amesimama mlangoni mwa gari lake anahema, na akili ikamjia. Alichukua kipaza sauti.

"Wananchi! Angalieni mliposimama! Rangi gani hii? Mashimo gani haya? Ndugu zangu, tumetua!"

Bendi, baada ya kusukumwa, ilipiga. Bendera ikachomekwa, na ilichomekwa juu ya mtu. Redio jioni ile ilitangaza kwamba watu elfu sita wa nchi yetu wametembea Mwezini kwa siku moja, wengi wao kwa ndala, na kwamba mataifa makubwa yametuma salamu. Kufikia Jumatatu machimbo yalikuwa na seng'enge na kibao: MWEZI. HAPAINGIWI BILA KIBALI. Walinzi wakaambiwa wamtoe Bi Siwema, wakambandua na udongo kwa taabu, wakamtoa akiwa na kile kipande cha nguo.

*

Alhamisi alikuja, saa tatu kamili. Alinipa kikaratasi cha mwisho nilichomwandikia, nikakipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sitakuja tena, mwanangu. Nimezika nilichokipata, matanga nimekaa. Nimekuja kwa jambo moja. Andika vizuri."

Sikumwuliza aandikwe nani. Nililitoa daftari, nikafungua namba moja. Nilikata Mwezini kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika juu yake: Machimbo ya chokaa, nyuma ya kambi. Kisha nikashuka mstari wa pili kuandika kama juu, na yeye akaweka kidole kwenye karatasi.

"Huyu ana jina. Soma, halafu uandike yote."

Basi nikasoma kila jina kwa sauti na kila kazi, mwalimu, muuza maandazi, fundi saa, mkunga, na kila mmoja nikamwandikia mahali pake kwa maneno kamili. Yeye aliitikia kila jina, "Mungu amrehemu." Milango ya ofisi nyingine ilifungwa mmoja mmoja. Malosha alichungulia, akasikia, akaenda zake, na nikasikia akipiga simu. Kufikia saa kumi tulikuwa tumemaliza wote. Bi Siwema aliniaga kwa kunishika kichwa, kama anavyoshikwa mtoto anayetaka kunyolewa, akatoka kwa mlango wa nyuma kama nilivyomwomba.

Ninaandika haya nikiwa mezani. Gari jeupe limeingia uani. Bado lina shada lile, maua yamekauka. Kibwana amebaki usukani, hanitazami, na wale mabwana wawili wanapanda ngazi wakichomekea vizuri mashati yao.

Nimeuanza mstari mpya, kwa mwandiko wangu mzuri. Namba: 1,115. Jina: Feruzi Ngwali. Kazi: karani. Siku Aliyoonekana Mara ya Mwisho: leo, Alhamisi.

Safu ya tano nimeiacha wazi.